Tonge la Kalkidan

Mizani ya hospitali wameiweka kwenye ujia, si ndani ya chumba, kwa hiyo ukipanda juu yake unapimwa mbele za watu. Nilivua viatu. Nilivua shuka langu jeupe nikampa mwanangu Kalkidan anishikie. Nilivua hata msalaba wa shingoni, na najua msalaba wa mti hauna uzito wa kusema, lakini siku ile nilitaka nisibaki na kisingizio chochote. Nikafanya ishara ya msalaba, nikapanda.

Daktari Hirut akatazama tarakimu. Akaniomba nishuke, akaigonga mizani kwa ncha ya kiatu, akaniomba nipande tena.

"Mama," akasema, "imekuwaje?"

Kabla ya Pasaka nilikuwa nimebakiza kidogo tu nifike kwenye kilo themanini alizozitaka yeye. Sasa nilikuwa nimerudi karibu na pale nilipoanzia. Mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi akainamisha kichwa kama mtu anayepita penye msiba.

"Labda mizani imeharibika," nikasema.

"Mizani ni ileile, mama."

Nikamgeukia Kalkidan nichukue shuka langu. Alikuwa ametazama dirishani, shuka amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yakishuka taratibu, kama ya mwanamke aliyetua mzigo wa kuni. Nikadhani amekata tamaa. Nilimwonea huruma mpaka aibu yangu mwenyewe nikaisahau.

Kalkidan ndiye mtoto wangu pekee. Figo zake zilianza kufa kimyakimya akiwa anasomea ualimu. Tulidhani ni uchovu wa masomo, tukadhani ni minyoo, nikampeleka kwenye maji ya baraka, mwisho uso ukavimba akawa hajitambui kwenye kioo. Sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kila wiki. Kwenye mkono wake wa kulia wameunganisha mishipa kwa ajili ya sindano, na ukimshika pale unasikia kitu kinavuma chini ya ngozi, kama nyuki aliyefungwa ndani ya kitambaa. Walipotafuta mtu wa kumpa figo wakapima damu yangu, ikakubaliana na yake. Nilipiga magoti palepale maabara. Mungu alinipa mtoto mmoja na figo mbili. Niliona hesabu yake imekaa sawa.

Lakini Daktari Hirut akasema sikatwi nikiwa vile. Mwili mkubwa, presha iko juu, sukari inaninyemelea. "Nikikupasua hivi, mama, naweza kuwapoteza wote wawili. Punguza kwanza."

Mwili niliupata kwa kukaa. Mume wangu Getaneh alikuwa mfumaji, kama wanaume wengi wa huku kwetu mtaa wa Shiro Meda, na mimi namsokotea pamba. Alipofariki niliendelea kuwasokotea wafumaji wengine. Ni kazi ya kukaa. Kijiti kinazunguka, wewe umekaa. Jirani anakuja kukaanga kahawa, umekaa. Kahawa inamiminwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bisi na mkate, na sukari vijiko viwili, umekaa. Ujane nao una chakula chake. Mwaka wa kwanza kila aliyekuja kunihani alinitia tonge mdomoni akisema, kula, usimfuate. Nikala, sikumfuata.

Sasa nikaambiwa nipungue, na Mfungo Mkuu, ule wa kabla ya Pasaka, ulikuwa unakaribia. Niliona Mungu amenifungulia mlango. Tunapofunga hatuli kitu mpaka ibada ya mchana iishe, na tukila hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai, hakuna samli. Na asubuhi kabla jua halijapanda nilikuwa napanda mlima wa Entoto kwa miguu, barabara ya kwenda kanisani kwa Maryam, katikati ya mikalitusi. Mwanzo nilifika tu kwenye ule ukuta mfupi wa mawe ambapo wanawake wanaobeba kuni huegemeza mizigo yao wapumue. Magoti yalikuwa yanalia kama bawaba. Vijana wanaokimbia mbio walinipita wakinipigia makofi, "Jitahidi, mama, utatuwakilisha!" Nikawajibu, "Subirini, nitawachukulia medali zenu!" Wiki kwa wiki ukuta nikaupita. Nikaufikia mkalitusi uliopasuliwa na radi. Karibu na mwisho wa mfungo nikaanza kuliona paa la kanisa.

Watu wakaanza kusema, maana huku kwetu mtu hakondi hivihivi. Jirani yangu Aselefech, tunayechangia naye ukuta, mwanamke mwenye mdomo lakini mwenye moyo, alinishika kiuno mbele ya kina mama wa chama cha mazishi.

"Yeshi, wewe punguza mwendo. Getaneh siku ya ufufuo atakupita, atasema huyu si wangu, wangu alijaa mlango."

"Atanijua kwa sauti," nikasema.

"Sauti nayo imekonda!"

Tukacheka. Hata Kalkidan alicheka, akiwa ameketi kwenye kigoda na kikombe chake kidogo cha maji, kile ambacho ndicho ruhusa yake kwa siku nzima. Alicheka, halafu akaniangalia kwa muda mrefu.

Ijumaa Kuu nilisujudu. Miaka mingi Abba Tekle, baba yangu wa kiroho, alikuwa ananiruhusu niketi tu na kuinamisha kichwa. Mwaka huu niliteremka mpaka paji la uso likagusa mkeka, nikainuka mwenyewe, nikateremka tena. Jioni aliponigusa mgongoni kwa tawi la mzeituni alisema, "Yeshimebet, leo umenifundisha kitu." Nikalia. Niliona nimekwisha kushinda.

Kosa langu lilikuwa hapo, nadhani. Niliuachia mfungo kazi yangu. Maana baada ya Pasaka zinakuja siku hamsini za furaha ya Ufufuo, na siku hizo kwetu hakuna kufunga, hata Jumatano, hata Ijumaa. Nilimwendea Abba kumuuliza nifanyeje.

"Siku hizi kufunga ni kumwambia Kristo arudi kaburini," akasema.

"Abba, na mizani?"

"Kula kidogo. Kidogo si mfungo." Akajikuna ndevu. "Na usiape, Yeshimebet. Wewe unaapa halafu unaugua."

Nikaona nimepata neno: kula kidogo. Na hapo ndipo Kalkidan alipochukua jiko.

"Emaye," akaniambia, ndivyo anavyoniita, mama yangu, "wewe panda mlima, usokote pamba yako. Kupika niachie mimi. Siwezi kazi nyingine, hii naiweza."

Nilifurahi. Mtoto aliyekuwa hainuki kitandani sasa alikuwa anasimama jikoni, amejifunga kitambaa kichwani, anasonga shiro, mchuzi wetu mzito wa unga wa dengu. Chakula chake mwenyewe kilikuwa kingine, kimechemshwa na kumwagwa maji, bila chumvi, cha kuhuzunisha. Changu alikiweka kwenye sinia juu ya injera, mkate wetu mwembamba, akaketi mbele yangu, akanikatia kipande, akachovya, akakunja, akanyoosha mkono.

"Fungua mdomo."

"Nimeshiba, Kal."

"Hujala. Mimi siruhusiwi hii. Basi niionje kwa mdomo wako."

Wewe ungefanya nini? Kwetu tonge la mkono halikataliwi. Mgeni akikulisha unapokea, adui akikulisha unapokea na mnaanza kupatana. Na halitolewi moja. La kwanza likiwa peke yake linaleta ugomvi, kwa hiyo linafuata la pili, na la tatu ndilo linalofunga mapenzi. Mkono wenyewe ni ule unaovuma. Nilifungua mdomo. Kila siku, mchana na jioni, nilifungua mdomo, na niliona macho yake yakitulia.

"Umetia samli?" nilikuwa namuuliza.

"Kidogo. Harufu tu."

Mlima sikuuacha. Lakini niliona nachoka mapema, suruali ya baridi ninayoivaa chini ya gauni imeanza kunibana, nikasema ni maji, nikasema ni umri. Mtu akiwa hataki kujua hujipatia daktari wake mwenyewe.

Ndivyo tulivyofika kwenye ile mizani, siku chache kabla ya Pentekoste.

Ndani ya chumba Daktari Hirut alifunga mlango. Alisema zamu yetu ya upasuaji atapewa mtu mwingine na ndugu yake, wako tayari. Alisema ataniangalia tena baada ya mvua, karibu na sikukuu ya Msalaba. Kisha akamtoa Kalkidan nje, akaniambia peke yangu kwamba moyo wa binti yangu umeanza kuchoka kwa ile mashine.

"Sikutishi, mama. Nakuambia kwa sababu wewe ndiye mlango."

Mlango. Nilirudi nyumbani na neno hilo. Kesho yake sikupanda mlima. Kesho kutwa vilevile. Nilisikia wabeba kuni wakiteremka asubuhi wakiitana, nikavuta blanketi. Nilimwambia Mungu: nilifunga, nilisujudu, nilitembea, na wewe uliona. Sikumalizia sala. Pamba ilikuwa kwenye kikapu, kijiti kimelala juu yake.

Aselefech alikuja na mkaa na kahawa yake, hakungoja kukaribishwa.

"Inuka. Nyumba inanuka huzuni."

"Niache, Aselefech."

"Nikuache uoze? Mwili umerudi, basi. Umepotea ukarudi, kama kondoo. Utaupoteza tena."

"Sina nguvu ya kuanza upya."

"Nani kasema upya? Njia si unaijua?" Akapuliza mkaa. "Mimi mwenyewe nakushangaa lakini. Mtu anakula shiro na mboga, anapanda Entoto kama mbuzi, halafu ananenepa. Labda unakula usingizini."

Kalkidan alikuwa anaosha vikombe. Kikombe kikamponyoka, kikavunjika.

Siku hiyo mchana alikuwa na mashine, nikamsindikiza. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Hapo ndipo alikuwa anakaa Senait, msichana wa kutoka Gojam, mchekeshaji, aliyekuwa anawaita wote kwenye chumba kile "ukoo wa damu safi". Nikadhani kabadilishiwa saa. Muuguzi alikuwa anatandika shuka jipya kwenye kile kiti na hakututazama. Kalkidan hakuuliza. Alilaza mkono wake, akageuza uso ukutani, na kwa saa zote zile alizolala pale akashika kidole changu kimoja kama alivyokuwa anashika akiwa mtoto.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi ile ya kuanza kwa mvua, inayopenya kwenye nyufa za udongo. Niliamka mapema kwa mazoea. Nikaingia jikoni kuwasha moto. Kalkidan alikuwa bado amelala. Kwenye kona kulikuwa na chungu cha shiro yangu ya jana, kilichobaki. Nikafunua.

Shiro haikuonekana. Juu yake kulikuwa na tabaka limeganda, la manjano, nene kama nta ya mishumaa ya kanisani. Niliweka kidole, hakikuzama. Nililisukuma kwa kijiko likavunjika vipande, na chini ndiyo nikaiona shiro.

Nikachukua ndoo ya bati ambayo kaka yangu wa kijijini huniletea samli kila Pasaka. Samli hiyo, kwa jinsi ninavyoitumia, hunifikisha mpaka sikukuu ya Msalaba, na bado nikamgawia Aselefech. Nikaifungua. Niliona bati la chini.

Yeye samli amekatazwa. Wageni hatukuwa nao. Nilikumbuka mabega yake yalivyoshuka pale kwenye mizani, na sikuona tena kuni zilizotuliwa kwa uchovu. Alikuwa amepumua. Mwanangu alikuwa amefurahi.

Niseme ukweli, kwanza ilinijia hasira, hasira ya kutaka kumwamsha kwa kelele. Nikatoka nje uani nikasimama kwenye manyunyu mpaka shuka likalowa. Nilisema "Bwana unihurumie" mara nyingi bila kuhesabu. Kisha nikarudi ndani, nikafunika chungu, nikafunika ndoo, nikachukua kijiti changu nikaanza kusokota. Nilingoja siku mbili. Nilitaka kuona kwa macho yangu, nisimsingizie. Niliona. Alikuwa anayeyusha pembeni kwenye kikaango kidogo, anamimina, anakoroga haraka, anatia na berbere nyingi ili pilipili ifunike. Alifanya hivyo huku machozi yanamtoka, na si kwa kitunguu, maana kitunguu kilikuwa hakijakatwa.

Jumapili ya Pentekoste tulirudi kanisani, tukaketi kula. Ilikuwa siku ya mwisho ya zile hamsini. Alikuwa amepika mchuzi wa kuku. Akakata injera, akachovya, akatia kipande cha yai ndani, akakunja vizuri, akanyoosha mkono.

"Emaye, fungua mdomo."

Nikaufunga.

Akatabasamu, akadhani namtania. "Emaye. Mkono wangu unachoka."

Nilimtazama, midomo nimeibana. Mchuzi ukaanza kuteremka kwenye kidole chake, ukafika kwenye kiganja. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Hata mama mkwe wangu, ambaye Mungu amrehemu alinitesa, tonge lake nililipokea.

"Nimekukosea nini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Samli ya mjomba wako imekwenda wapi, Kal?"

Akajaribu mzaha. "Labda panya. Panya wa Shiro Meda nao wamefungua mfungo."

"Panya huyo ana mshipa unaovuma mkononi?"

Mkono ulikuwa bado umenyooka na tonge.

"Nilijua utaona," akasema. "Wewe unaona kila kitu. Nilikuwa naomba tu uchelewe kuona."

"Kwa nini, mwanangu? Wewe ndiye unayekufa."

"Mimi nina mashine."

"Senait naye alikuwa na mashine."

Aliposikia jina hilo uso wake ulikunjamana, lakini hakulia. Alisema polepole, huku anaangalia sinia, "Baba aliingia mle chumba cha upasuaji kwa ngiri tu. Ngiri, Emaye. Kitu cha kutibiwa na kurudi nyumbani jioni. Alinipa mkate wake nimshikie, akaniambia nisiule, anarudi kuula. Nilikuwa sina meno ya mbele, unakumbuka, hata ningetaka nisingeweza kuuuma. Niliushika mpaka ukawa mgumu. Wakamtoa amefunikwa na mimi nimeushika."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemnyang'anya ule mkate kwa nguvu, siku ile, vidole vilikuwa havifunguki.

"Kila ukipanda kwenye mizani unanipa shuka lako nikushikie," akasema. "Na wewe unapungua. Kila wiki unapungua, unafurahi, unanionyesha gauni linavyopwaya. Mimi naona tu siku inakaribia ambayo utanipa shuka uingie mle ndani. Sitaki kukaa tena kwenye ujia na kitu cha mtu mkononi. Bora wewe ubaki mnene, ubaki hai."

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe nini?"

"Na mimi unataka nibaki nimeshika nini chako, Kal?"

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, na kwa Aselefech redio ilikuwa inaimba nyimbo za Pentekoste.

"Shuka langu," nikasema, "nisiporudi, unalo la kujifunika. Utaolewa nalo. Utafundisha watoto wa watu umelivaa. La kwako mimi nitalivaa kwenda wapi?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia mdomo wazi kama mtoto, na mkono ule ukashuka, na tonge akaliweka kwenye ukingo wa sinia. Tonge lililokunjwa kurudi siniani, sijawahi kuona kwa macho haya. Tuliliangalia wote wawili likifunguka taratibu, yai likajitokeza. Nilitaka sana kulichukua. Si kwa njaa. Nilitaka tu asiwe na uso ule.

Sikulichukua.

Tulikaa mpaka mchuzi ukapoa na ukaanza kufanya ngozi. Mwishowe akapangusa vidole.

"Umekonda adabu," akasema, "mwili umebaki."

"Mwili nao utafuata."

"Ukifa nitakukasirikia mpaka Siku ya Mwisho."

"Nikasirikie. Lakini uwe na figo ya kukasirikia."

Akacheka kidogo katikati ya kamasi. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma: "Mimi naogopa, Emaye. Wewe huogopi?" Nikamwambia naogopa. Nilikuwa sijamwambia kabla. Nilidhani mama akisema anaogopa nyumba inaanguka. Haikuanguka. Nilimvuta nikamweka kifuani, na nikausikia ule mkono unavuma kwenye mbavu zangu.

Jumatatu ulianza Mfungo wa Mitume. Safari hii sikuuachia mfungo kazi yangu; nilijua utaisha kama ule mwingine ulivyoisha. Nilivaa ile suruali inayobana, nikachukua fimbo. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nikamkuta Kalkidan mlangoni, amevaa viatu, amejifunga shuka mpaka puani.

"Leo si siku ya mashine," akasema. "Nakusindikiza."

"Huwezi huo mlima."

"Mpaka kwenye ukuta wa kuni tu. Nikuone kama kweli unatembea au unakwenda kukaa kwa muuza chai."

Tulikwenda kama wazee wawili. Kila nguzo ya umeme alisimama kupumua, na mimi niliyekuwa nimelala wiki nzima nilisimama naye, wala si kwa kumsaidia, pumzi yangu nayo ilikuwa imekwisha. Magoti yangu yalikuwa yamerudia kilio chao. Barabara ina utelezi wa majani. Wabeba kuni walitupita wakiteremka, migongo imepinda, mmoja akasema, "Mama, ulipotea! Tulidhani umeshafika mbinguni kwa njia ya mkato." Nikamwambia nimerudishwa getini, uzito umezidi. Wakacheka mpaka kuni zikatikisika.

Kalkidan aliketi kwenye ukuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilitaka kurudi naye.

"Nenda," akasema.

Nikavua shuka la juu, maana lilikuwa limelowa na linanilemea. Nilisita nalo mkononi. Yeye akalitazama, kisha akanyoosha mkono ule wa kulia akalipokea. Akalikunja akaliweka mapajani.

"Usichelewe," akasema.

Nikapanda. Zamani, kwenye Mfungo Mkuu, pale nilikuwa napita bila kupumua sana. Siku ile nilihesabu miti, kila mmoja nikiuomba unifikishe kwa mwenzake. Kwenye kona nikageuka nyuma. Ukungu ulikuwa unashuka, lakini nilimwona, mdogo, amekaa wima, amelishika lile shuka kwa mikono miwili kama watu wanavyoshika kitu cha mwenyewe anayerudi sasa hivi. Nilimpungia. Hakupunga, mikono yake ilikuwa na kazi.

Sikuufikia mkalitusi uliopasuliwa na radi. Niliuona tu kwa mbali, mweusi kwa mvua, magoti yakakataa. Nikaugusa mti mwingine uliokuwa karibu, nikasema sala fupi, nikageuka kuteremka, haraka kadiri nilivyoweza, maana kulikuwa na mtu anayengoja kwenye baridi.